Don wa 1978 na Don wa 2006

Filamu ya Kihindi iitwayo Don ilizaliwa na deni. Nariman Irani, mpigapicha wa sinema wa Bombay, alitayarisha Zindagi Zindagi mwaka 1972. Picha haikupata watu, naye akabaki anadaiwa rupia laki 12, fedha ambazo ujira wake usingezilipa hata kwa miaka mingi. Wenzake katika kazi ya Roti Kapada Aur Makaan, wakiwemo Amitabh Bachchan na Zeenat Aman, walimshauri atayarishe nyingine wakaahidi kumchezea. Uongozaji akapewa Chandra Barot, aliyekuwa msaidizi wa mwongozaji, mzaliwa wa Tanganyika aliyewahi kufanya kazi benki Dar es Salaam.

Hadithi ilitoka kwa Salim Khan na Javed Akhtar, nayo ilikuwa imeshakataliwa na watayarishaji kadhaa. Jambazi Don anakufa mikononi mwa polisi. Ofisa mmoja anaificha habari hiyo, kisha anamchukua Vijay, maskini wa mtaani anayefanana na Don kama shilingi kwa ya pili, na kumpenyeza katika genge. Ofisa huyo anauawa, na siri inaondoka naye. Sasa Vijay anasakwa na pande zote mbili.

Irani alifariki kwa ajali kabla picha haijakamilika. Mwongozaji Manoj Kumar alipoonyeshwa kazi, aliona sehemu ya pili haimpi mtazamaji nafasi ya kuvuta pumzi, akashauri uongezwe wimbo. Ukatiwa mmoja wa tambuu ya Banaras, uliokuwa umetungwa kwa ajili ya filamu nyingine. Inasimuliwa kuwa mwimbaji Kishore Kumar alitafuna tambuu hasa wakati wa kuurekodi. Bachchan anaucheza kwa mikogo ya mtu wa shamba aliyefika mjini, na nyongeza hiyo ya dakika za mwisho ndiyo inayokumbukwa kuliko mapambano yote.

Wahindi wa kusini hawakukawia kuirudia: Yugandhar kwa Kitelugu mwaka 1979, na Billa ya Rajinikanth kwa Kitamil mwaka 1980.

Mwaka 2006 ilikuwa zamu ya Farhan Akhtar, mtoto wa Javed. Shah Rukh Khan alishika nafasi ya Bachchan, na mambo mengi yakahamia Kuala Lumpur. Daftari jekundu la siri za genge likawa diski ya kompyuta. Wimbo wa tambuu ulirudi, na ngoma aliyoicheza Helen mwaka 1978 akapewa Kareena Kapoor. Picha ni safi zaidi, magari ni ya kifahari, lakini ule umaskini uliompa Vijay uzito umepauka.

Akhtar alijua kuwa watazamaji wake wanaikumbuka hadithi ya zamani, akautega mtego hapohapo. Wapenzi wa sinema husema steringi hafi. Humu Vijay anafia hospitali, na Don, aliyedhaniwa maiti, anachukua nafasi yake. Anayeirudia filamu hii mara ya pili anaona kuwa woga wote wa Vijay baada ya kutoka hospitali ni maigizo ya jambazi.

Don wa Barot alikufa mapema, hadithi yake ikafungwa. Wa Akhtar alibaki hai, na mwaka 2011 akarudi katika Don 2, safari hii Berlin.