Mgombea uwakilishi wadi (Matisi, Kitale)

Mgombea uwakilishi wadi ni mtu anayeomba kura ili aingie katika bunge la kaunti kwa niaba ya wadi moja. Makala hii inamtazama akiwa Matisi, mojawapo ya wadi tano za eneobunge la Saboti katika kaunti ya Trans Nzoia. Nyingine ni Kinyoro, Machewa, Saboti na Tuwani. Ipo Matisi nyingine katika kaunti ya Bungoma, upande wa Webuye, na familia nyingi za Kitale zina ndugu huko.

Mtaani mgombea huyu huitwa diwani, kansela au MCA, lakini udiwani wa zamani haupo tena. Mabaraza ya miji yalikoma kwa uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, wa kwanza chini ya Katiba ya 2010. Mji wa Kitale sasa unasimamiwa na bodi ya manispaa, ambayo mwananchi haipigii kura. Kura yake ya karibu kabisa ni ile ya wadi: karatasi ya rangi ya maziwa anayopewa pamoja na tano nyingine za rais, gavana, seneta, mbunge na mwakilishi wa wanawake. Kenya ina wadi 1,450, na 25 kati ya hizo ziko Trans Nzoia.

Asili ya mgombea wa eneo hili ina mizizi miwili. Kitale ulikuwa mji wa walowezi; reli iliufikia mwaka wa 1926, na Mwafrika aliyefanya kazi katika mashamba ya mahindi yaliyouzunguka hakuwa na sauti katika baraza lake. Kwa upande wa pili, Wabukusu wa Bungoma walikuwa na wajumbe katika baraza la wenyeji la Kavirondo Kaskazini. Mmoja wao alikuwa Pascal Nabwana, mfanyabiashara aliyesoma kwa wamishonari. Nabwana alikuwa mstari wa mbele katika Chama cha Elimu cha Kitosh (jina la zamani la Wabukusu), kilichodai shule zaidi kwa watu wa kaskazini, na baadaye katika Umoja wa Wabukusu. Sura ya kiongozi wa mtaa inayojulikana hadi leo ilijengwa na watu wa namna yake: mtu mwenye duka, mwenye neno barazani, anayepigania shule. Baada ya uhuru, mashamba ya walowezi yalipogawanywa na watu kuhamia kwa wingi, sura hiyo ilifika Kitale pamoja nao.

Masharti ya kisheria ni mepesi kuliko watu wanavyodhani. Mgombea awe mpiga kura aliyesajiliwa na atimize matakwa ya maadili. Asipopitia chama, aungwe mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo, nao wasiwe wanachama wa chama chochote cha siasa. Sharti la shahada ya chuo kikuu lilibatilishwa na Mahakama Kuu mwezi Oktoba 2021 kwa upande wa wawakilishi wadi. Ada ya uteuzi iliyowekwa na kanuni za 2012 ni shilingi 5,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mtumishi wa umma hutakiwa kujiuzulu miezi sita kabla ya kura. Sharti hilo linagusa pia vyeo vya juu: George Natembeya aliacha ukamishna wa Bonde la Ufa mapema 2022, akagombea kwa tiketi ya chama cha DAP-K na kuchaguliwa gavana wa Trans Nzoia.

Gharama halisi iko nje ya kanuni hizo. Mgombea wa Matisi hupimwa matangani, kanisani, kwenye steji ya bodaboda na nyumbani kwa watu. Kukitokea msiba, hutarajiwa alete hema, viti, mafuta ya gari la maiti na bahasha, kisha apewe kipaza sauti. Mwaka wa 2022 kura ilipigwa tarehe 9 Agosti, katikati ya msimu wa tohara ya Wabukusu, ambayo hufanyika Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili. Kampeni na sherehe za nyumbani zikaangukia majuma yale yale, na mgombea asiye na kitu mfukoni hupata taabu kuonekana muungwana katika boma lenye sherehe. Hapo ndipo mwanamke, au kijana aliyetoka tu chuo cha ufundi, huachwa nyuma hata kabla ya uteuzi. Waliochaguliwa wanawake katika wadi zote nchini walikuwa 82 mwaka wa 2013 na 96 mwaka wa 2017, idadi ya kusikitisha katika viti 1,450.

Sheria inajua hatari hiyo. Anayeshiriki harambee ya hadhara katika miezi minane ya mwisho kabla ya uchaguzi mkuu hupoteza sifa ya kugombea, na Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaharamisha hongo pamoja na kuwakirimu watu ili kununua kura. Hata hivyo, bahasha ya matangani hupita kwa jina la rambirambi.

Jambo linalosahaulika zaidi ni kazi yenyewe. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamtaka mwakilishi awe karibu na wananchi, apeleke maoni yao bungeni na kuhudhuria vikao. Kisha inamkataza, katika kifungu cha 9, kujiingiza katika utendaji wa serikali ya kaunti au kutoa huduma kana kwamba yeye ni afisa wake. Mtu anayeahidi kuja na greda kutengeneza barabara anaahidi kazi ya mtu mwingine. Anayejisifu kwa karo za sekondari anasimama pabaya pia: majukumu ya kaunti katika elimu ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini; nje ya elimu ni mambo kama maji, masoko, barabara za kaunti na uzoaji taka. Mapema 2025 mzozo kuhusu mgawanyo huo wa majukumu ulifika kileleni pale Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o alipozuia kaunti kulipa basari bila makubaliano na serikali kuu, na wazazi wakabaki wanahangaika shule zikifunguliwa.

Kwa hiyo rekodi inayofaa kuandikwa chini ya jina la mgombea ni ile ya kabla ya bango lake kubandikwa. Kitale ina mfano mzuri wa mahali pa kuitafuta. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baraza la mji na shirika ambalo leo huitwa Practical Action walipanga maendeleo ya Kipsongo, Shimo la Tewa na Tuwani pamoja na wakazi wenyewe. Wakazi walikaa, wakachora ramani za mitaa yao na kupanga lipi lianze: maji, vyoo, njia za kupita. Aliyewahi kuketi katika kamati kama hiyo, akatunza daftari la michango ya chemchemi na kulisoma mbele ya majirani, ameshafanya kazi ya uwakilishi ingawa hajavaa beji. Ushahidi wake haufichiki: chemchemi imejengewa au haikujengewa, na waliochanga wanajua pesa zilikokwenda. Mhasibu wa chama cha akina mama au mwenyekiti wa bodaboda anaweza kuulizwa maswali hayo hayo.

Uchaguzi mkuu ujao utafanyika tarehe 10 Agosti 2027. Kwa hesabu ya miezi minane, harambee za wanaotaka viti zinapaswa kukoma tarehe 10 Desemba 2026, na mwalimu au chifu anayeitaka wadi ya Matisi awe ameandika barua ya kujiuzulu kufikia mapema Februari 2027.