Ziwa la Kabaka na Mfereji Usiofika Munyonyo

Mgeni anayepelekwa kuliona Ziwa la Kabaka jijini Kampala, kati ya Mengo na Ndeeba, haondoki bila kusimuliwa kwamba Mwanga II, Kabaka yaani mfalme wa Buganda, alilichimba ili apate njia ya kutorokea. Wafuasi wa dini mpya, walioitwa wasomaji, walikuwa wanamtia hofu na Wazungu walikuwa njiani, basi akaamuru uchimbwe mfereji kutoka chini ya ikulu mpaka Munyonyo, ili siku ikimfika apande mtumbwi na kupotelea Ziwa Victoria. Watembeza watalii wanalisema hivyo, na watoto wa shule wanalirudia. Mimi silikubali. Kinachoniuma zaidi ni kwamba simulizi hili linafuta desturi nzima ya wafalme wa Buganda, ya kutembea majini kwa starehe na kwa fahari ya kiti.

Yanayojulikana niyapitie upesi. Mwanga alitawazwa Oktoba 1884 baada ya kifo cha baba yake, Muteesa I, akiwa bado hajafika miaka ishirini. Ziwa lilichimbwa kati ya mwaka 1885 na 1888. Nia ilikuwa kuliunganisha na ghuba ya Murchison, mahali ilipokuwa ikulu ya Munyonyo, mwendo wa kilomita kama kumi hivi. Mfereji haukufika, ziwa likabaki.

Chanzo ambacho wenzangu wanakipita bila kukitazama ni kitabu cha safari cha John Hanning Speke, kilichochapishwa mwaka 1863. Kila mtu anakifungua kutafuta habari za mto Nile. Kurasa za mwisho wa Aprili 1862 zinarukwa kwa kuwa hazina Nile ndani yake, nazo ndizo zinazotuhusu. Humo Muteesa, kijana aliyekuwa hajakaa sana kwenye kiti, anamchukua Speke, mgeni wake, kwenda kutembea majini katika ghuba hiyo hiyo ya Murchison. Wake zake na maofisa wamo katika msafara. Mitumbwi inapanda na kushuka ghubani, viboko wanasakwa, kisha wanateremka kisiwani alipokaa mjumbe wa Mukasa, mungu wa ziwa. Kuna kula, kuna pombe ya ndizi. Hakuna anayekimbia mtu.

Speke si shahidi wa kuaminiwa kwa kila neno. Mazungumzo yake na Kabaka yalipitia kwa wakalimani, akiwemo Sidi Mubarak Bombay, na mara nyingi alijitazama mwenyewe kuliko alivyowatazama wenyeji. Ila hakuwa na sababu ya kubuni matembezi. Wala hakuyapamba: katika safari hiyo hiyo anaeleza jinsi mmoja wa wake za Muteesa alivyomtunukia mumewe tunda, mume akakasirika, akaamuru auawe, mpaka Speke alipoingilia kati akaokoka. Starehe ya mfalme ilikaa jirani sana na kifo cha mtu mdogo. Jambo hilo tulikumbuke tukifika kwa Mwanga.

Mitumbwi yenyewe inastahili kuangaliwa kwa karibu. Mtumbwi mkubwa wa Kiganda haukuwa gogo lililochongwa ndani. Mbao zilishonwa kwa nyuzi juu ya mkuku mrefu, kama mafundi wa Lamu walivyoshona mitepe yao, nyufa zikazibwa, kisha chombo chote kikapakwa udongo mwekundu. Mbele palinyanyuka omo lililopambwa pembe za swala na shada la manyoya. Msimamizi wa mitumbwi yote ya ufalme alikuwa Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mmamba. Msafiri Henry Morton Stanley alipofika Aprili 1875, Muteesa alimpokea pwani ya ziwa na kumwonyesha gwaride la mitumbwi. Mfalme wa nchi kavu tupu hafanyi hivyo.

Sasa turudi Mengo. Mtoto wa baba wa namna hiyo anapotaka maji yafike chini ya kilima chake, maelezo yaliyo karibu kabisa ni kwamba alitaka matembezi yale ya Murchison yawe mlangoni pake. Mtu anayepanga kutoroka haiiti nchi nzima mchana kweupe ije kumchimbia njia ya siri. Isitoshe, njia ilikuwepo: Waganda walijulikana kwa barabara zao pana, na Stanley alizisifu. Watu wa Amsterdam walipoanza kuchimba mifereji yao mikubwa mwaka 1613 walifikiria biashara, makazi na maji ya kuondolewa, na leo wageni wanapelekwa kwa boti kutazama nyumba za matajiri wa zama hizo. Hakuna anayewauliza walikuwa wanamkimbia nani. Mwanga naye apewe haki hiyo ya kuwa na ndoto ya mji.

Gharama ya ndoto ilikuwa jambo jingine, na hapo simtetei. Apolo Kaggwa, katika historia yake ya wafalme wa Buganda, anaeleza kazi ya kulazimishwa: machifu na watu wao walishushwa bondeni kuchimba, na waliochelewa walitozwa faini. Kaggwa alikuwa kiongozi wa Waprotestanti na baadaye Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, na mwaka 1897 Mwanga alipoasi, yeye alisimama na Waingereza. Kwa hiyo tabia ya Mwanga kama anavyoichora naipokea kwa tahadhari. Habari za faini naziamini, kwa kuwa waliotozwa walikuwa machifu, wenzake Kaggwa, na wengi walikuwa hai alipoandika. Matope ya Ndeeba yaliwaunganisha watu ambao dini zilikuwa zimewatenga.

Septemba 1888 mambo yakaiva. Mwanga aliwaita wasomaji, Waislamu na Wakristo, waende naye Ziwa Victoria. Wao wakaamini anataka kuwatelekeza kisiwani wafe njaa, wakakataa kupanda mitumbwi. Siku chache baadaye walimwondoa na kumweka kaka yake, Kiweewa. Mwanga alikimbilia kusini mwa ziwa, upande wa Magu, na kufika majini alipita nchi kavu kama mtu mwingine yeyote. Mwaka 1889 alirudi akaweka baraza lake kisiwa cha Bulingugwe, karibu na Munyonyo. Januari 1892, baada ya vita vya Mengo kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, Kapteni Williams, ofisa Mwingereza, alikishambulia kisiwa hicho kwa bunduki ya Maxim, na Mwanga akaponyoka tena kwa mtumbwi. Nadhani hizi safari mbili ndizo zilizozaa simulizi la kutoroka: watu walijua alivyoishia, wakairudisha habari hiyo nyuma mpaka siku ya jembe la kwanza.

Karne iliyofuata haikuliongezea ziwa mengi, mbali na shambulio la jeshi la Milton Obote, mtawala wa Uganda, juu ya Mengo mwaka 1966 na kurudishwa kwa ufalme mwaka 1993. Mashindano ya mitumbwi chini ya Kabaka Mutebi II ni jambo jema. Ila atakayeandika kibao cha maelezo pale ziwani aanze na Aprili 1862, ndipo aje kwa Mwanga, na waliochimba watajwe kabla ya habari yoyote ya kutoroka.