Kabla ya Kufungua Injini

Swali la kwanza la fundi mzuri wa Ipogolo, pale chini ya mji wa Iringa ambapo malori husimama, ni swali la mwanahistoria: lilianza lini? La pili linafuata kabla mwenye gari hajamaliza kujibu: na kabla ya hapo, nani aliligusa? Boneti inafunguliwa baada ya hayo mawili.

Nasomea shahada ya uzamili ya historia, na utafiti wangu ni wa barabara, si wa injini. Nilikwenda Iringa, kisha Mbeya, kuwauliza wazee waliofanya kazi kando ya barabara kuu ya Zambia habari za malori ya miaka ya 1960. Walinijibu kwa ukarimu, lakini kila mazungumzo yalirudi kwenye magonjwa. Mzee mmoja alisahau mwaka ambao lami ilifika mlangoni kwake. Hakusahau mlio wa Peugeot 404 iliyoletwa na vali iliyoungua. Aliuigiza kwa mdomo, akapiga na meza ili nisikie pengo la silinda iliyokufa. Nilianza kuandika magonjwa pembeni mwa daftari, kisha pembeni pakajaa.

Ninachotaka kusema ni hiki: ustadi wa kutambua ugonjwa wa gari katika Nyanda za Juu Kusini ulizaliwa na uhaba. Fundi ambaye hana spea ya kujaribia hulazimika kujua. Na leo ustadi huo unapimwa na gari ambalo wazee wale hawakulitarajia, yaani gari la spoti la mtumba kutoka Japani.

Vijana wa Mwanjelwa wanaotaja Subaru kwa sauti ya kunong'ona hudhani mapenzi haya yalianza na wao. Yana miaka zaidi ya sabini. Mwaka 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, madereva wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianzisha mbio zilizokuja kuitwa Safari ya Afrika Mashariki. Magari yalikuwa ya kawaida ya dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa Tanzania, akiendesha hiyohiyo Peugeot 404 ambayo wengine walibebea familia na magunia. Mwaka 1971 likaja gari la spoti hasa: Datsun 240Z, milango miwili, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 2.4. Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka huo. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda na gari la aina hiyohiyo baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström. Kufikia katikati ya muongo huo mbio zikabaki za Kenya peke yake.

Lakini mbio zilikuwa na namna yake ya kutibu gari. Timu za viwanda zilifuatwa na magari ya huduma yaliyojaa spea, na miaka ya baadaye hata helikopta. Dakika zinahesabiwa, kwa hiyo unachokishuku unakitoa, unaweka kipya, unaondoka. Nani ana muda wa kuuliza lilianza lini? Kwa mashindano ni akili kabisa. Fundi wa Ipogolo angefanya hivyo wiki moja tu, ya pili angefunga gereji.

Yeye alikuwa na barabara yake. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia, isiyo na bahari, ikaanza kupoteza njia yake ya kusini. Mafuta yakapandishwa kutoka Dar es Salaam kwa malori, yamejazwa kwenye mapipa, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900. Malori yalirudi na shaba. Barabara ilikuwa ya udongo sehemu kubwa, na waandishi wa habari wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipofunguliwa mwaka 1968, lami ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970 na reli ya TAZARA ilipofuata, mzigo ulipungua. Gereji zilibaki. Vijana waliokuwa wakishika tochi walikuwa wameshakuwa mafundi.

Kisha spea zikaisha. Bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, vita ya Kagera ikala akiba ya fedha za kigeni mwaka 1978 na 1979. Kuagiza kabureta kulihitaji kibali, na kibali kilihitaji dola ambazo hazikuwepo. Plagi ilisuguliwa kwa msasa na kurudishwa, ikasuguliwa tena. Katika hali hiyo kosa la fundi lilikuwa na bei ya ajabu: ukifungua silinda hedi bila sababu, gasketi imeharibika, na nyingine huna. Gari zima ulilitia ugonjwa kwa mikono yako.

Ndiyo maana walijifunza kusoma dalili kutoka nje. Plagi ikitoka nyeusi yenye masizi makavu, injini inakula petroli kupita hewa. Ikitoka nyeupe kama chokaa, petroli haitoshi na joto limezidi. Ikiwa na mafuta mabichi ya injini, ringi au vali zimechoka. Ukitaka kujua silinda ipi inamisi, unachomoa waya wa plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma. Ukichomoa na mlio usibadilike, umeshampata mgonjwa.

Na nyanda za juu zina magonjwa yake ambayo kitabu cha kiwanda hakiyakazii. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Iringa chini yake kidogo. Hewa ya Mbeya ina uzito pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na ya Dar es Salaam. Kabureta halijui hilo. Linaendelea kumimina petroli ya pwani kwenye hewa ya mlimani, na gari lililoondoka Dar likiwa zima linafika likitoa moshi mweusi na limepoteza nguvu. Fundi mgeni husema injini imechoka. Mwenyeji hubadili jeti ya kabureta kwa ndogo zaidi, kisha humwambia mwenye gari airudishe ile kubwa akishuka.

Kitonga kuna lingine. Gari la petroli linatoka kwenye joto la bonde la Ruaha na kuanza kukwea kwa gia nzito, upepo kidogo, injini inatokota. Petroli inageuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, na pampu inasukuma mvuke. Gari linazima. Hakuna kilichoharibika! Kitambaa chenye maji juu ya pampu, nusu saa ya kusubiri, safari inaendelea. Wangapi waliuziwa pampu kwa ugonjwa ambao dawa yake ni kitambaa?

Hata maji hudanganya. Kwa mwinuko wa Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta ukishika presha yake vizuri, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Raba yake ikichoka, kinga yote hiyo imekwenda, na gari linachemsha kila mlima. Anayekimbilia kusema gasketi ya silinda hedi imeungua anaweza kuwa sahihi, ila kwanza na aangalie mfuniko, kisha aangalie kama rejeta inatoa mapovu mfululizo injini ikiwaka, kisha kama mafuta ya injini yamekuwa kama uji wa maziwa. Mpangilio huu, kutoka kwenye kitu cha bei rahisi kwenda cha bei kali, niliukuta kwa mafundi wa miji yote miwili bila wao kujuana.

Kuanzia mwaka 1984 serikali iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na katika miaka iliyofuata mlango ulifunguka zaidi. Magari ya mtumba kutoka Japani yakaja kwanza kidogo kidogo, kisha kama mafuriko. Spea za mtumba zikaja nazo. Injini nzima iliyokatwa kutoka kwenye gari la Osaka ilipatikana sokoni, na kwa mara ya kwanza lile neno la timu za mbio, toa weka, likawa ushauri wa kila siku.

Subaru Impreza ilitoka mwaka 1992. Colin McRae alishinda Safari nayo mwaka 1997, Richard Burns mwaka 2000, na vijana wa huku waliokuwa wakisikiliza matangazo wakaweka nadhiri. Ni gari la familia lenye moyo wa mashindano: silinda nne zilizolala ubavu kwa ubavu, turbo juu yake. Turbo inaitibu Mbeya kwa namna ambayo kabureta haikuweza, kwa kuwa hewa nyepesi inasukumwa ndani kwa nguvu. Lakini injini ya namna hii haisamehe. Petroli ikipungua kidogo wakati turbo inasukuma, mlipuko unatangulia wakati wake, na pistoni inapasuka.

Gari hili pia linasema lenyewe. Kwenye Impreza za mwanzo kuna viunganishi viwili vyeusi chini ya usukani. Ukivikutanisha na kuwasha swichi, taa ya injini inaanza kupepesa: mpepeso mrefu ni makumi, mfupi ni mamoja. Mirefu miwili na mifupi miwili ni 22, sensa inayosikiliza mgongo wa silinda. Fundi mmoja wa Mbeya aliniambia kwamba siku alipoonyeshwa jambo hilo alihisi kama amefundishwa lugha ya ng'ombe. Baadaye zikaja mashine za kupimia, na sasa kuna kifaa kidogo cha kuchomeka kinachotuma namba kwenye simu.

Hapo ndipo namna mbili za kutibu zinapogongana, na niliona zikigongana kwa gari la mtoto wa mama yangu mdogo. Aliuza viazi misimu mitatu akanunua Impreza ya turbo ya mwaka 2002. Mwezi Juni ilianza kufa nguvu milimani, hasa usiku. Gereji moja iliipima kwa mashine, ikapata namba inayosema mchanganyiko umekosa petroli, ikabadili sensa ya oksijeni. Ugonjwa ukabaki. Wakapima betri, volti 14 injini ikiwaka, wakasema umeme ni mzima. Wakamwambia injini imekwisha, alete nusu injini. Bei ilikuwa ya pikipiki mpya, na alikuwa ameanza kutafuta mnunuzi wa shamba.

Nilimpeleka kwa mzee mmoja niliyekuwa nikimhoji, nyuma ya Soweto.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lilianza lini?"

Juni. Na kabla ya Juni nani aliligusa? Mtu wa redio. Aliweka spika kubwa na alamu, akabadili kichwa cha betri. Mzee akauliza kama mshale wa joto hupanda akiwasha taa. Ndugu yangu akashangaa: ndiyo, hupanda ghafla, na akizima hushuka. Joto la maji haliwezi kupanda kwa sekunde moja, mzee akasema. Huo si moto, ni umeme.

Akaweka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bodi ya gari. Taa zimezimwa, karibu sifuri. Akawasha taa, feni ya hita, na waya za kupasha kioo cha nyuma, vitu vyote ambavyo mtu wa Mbeya huwasha usiku wa Juni. Volti 1.4. Waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi ulikuwa umeachwa ukining'inia chini ya mkanda mweusi, na umeme wote ulikuwa ukijitafutia njia nyembamba za kurudi. Pampu ya petroli iko nyuma na inategemea bodi hiyohiyo. Usiku ilipata umeme pungufu, ikasukuma petroli pungufu, na mlimani turbo ikadai zaidi. Kwa hiyo mashine haikudanganya. Petroli ilikosekana kweli, ila namba haikuuliza kwa nini. Wala gereji ile haikuwa mbali sana na ukweli: angeendelea kuendesha hivyo, injini ingekwisha kama walivyotabiri.

Msasa, waya mnene wa urefu wa kiganja, na boliti moja. Kijana anayejifunza kwa mzee, ambaye ndiye mwenye kile kifaa cha simu, alikaa kiti cha mbele wakashuka hadi Mbalizi na kupanda tena Iwambi usiku, kila kitu kimewashwa, yeye akisoma namba za mchanganyiko kwa sauti huku mzee akiwa nyuma, amefumba macho, anasikiliza. Mzee hakukubali malipo kabla hawajapanda mara ya pili.

Sensa ya oksijeni iliyotolewa na gereji ile ilikuwa bado kwenye buti. Mzee aliipima, akaitia kwenye kopo la rangi lililo juu ya rafu. Aliniruhusu nilimwage kopo hilo mezani: koili mbili, rilei, themostati, sensa za miaka mbalimbali, pampu ndogo ya kabureta iliyokaa humo tangu kabla sijazaliwa. Vyote vilitolewa kwenye magari kwa kudhaniwa ni vibovu. Vyote vizima.