Jinsi ya kuunda tarakilishi ya michezo yenye nguvu ndani ya kasha dogo

WAPENZI wengi wa michezo ya tarakilishi bado wanaamini kuwa mtambo wenye nguvu sharti uwe mkubwa kama kabati. Imani hiyo ilikuwa na msingi zamani. Siku hizi, mtambo unaoweza kuendesha michezo ya kisasa yenye picha nzito unaweza kutoshea ndani ya mkoba wa mwanafunzi.

Kwa hesabu rahisi, kasha refu la kawaida huwa na ujazo wa lita 40 hadi 50, yaani zaidi ya mitungi miwili ya maji ya lita 20. Kasha dogo mno halifiki lita 10. Kwa anayeishi katika chumba kimoja, au anayesafiri mara kwa mara kati ya chuo na nyumbani, tofauti hiyo si ndogo.

Hata hivyo, udogo una gharama yake. Katika kasha kubwa, kosa la sentimita mbili husamehewa. Katika kasha la lita saba, kosa la milimita tatu humwacha mnunuzi na kifaa cha maelfu ya shilingi kisichoingia. Iwapo alikiagiza kutoka ughaibuni, huenda nauli ya kukirudisha ikamla faida yote aliyotarajia.

Ndiposa wajuzi wa kazi hii husema kuwa tarakilishi ndogo huundwa kwanza kwenye karatasi, kisha mezani, na mwisho ndani ya kasha.

Chimbuko la udogo

Ukubwa wa tarakilishi huamuliwa na ubao mama, ambao ndio ubao mkuu unaounganisha viungo vyote. Mnamo 1995 kampuni ya Intel ilitoa kipimo kiitwacho ATX, ambacho ni milimita 305 kwa 244. Mnamo 2001, kampuni ya VIA ya Taiwan ilitoa kipimo cha Mini-ITX, milimita 170 kwa 170. Eneo lake halifiki nusu ya lile la ATX.

Mwanzoni ubao huo mdogo ulikusudiwa mitambo ya kazi nyepesi. Baadaye watengenezaji waligundua kwamba mchezaji wa kawaida huhitaji nafasi moja tu ya kuchomekea kadi ya grafiki, na ubao wa Mini-ITX unayo. Huwa pia na nafasi mbili za kumbukumbu ya RAM, ambazo zinatosha kwa michezo.

Kiungo cha pili kilichopunguzwa ni pawa saplai, yaani kijisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia viungo vingine. Ya kawaida ya ATX ina upana wa milimita 150, kimo cha 86 na urefu wa takriban 140. Ile ndogo ya SFX ina milimita 125, 63.5 na 100. Ujazo wake haufiki nusu ya ule wa kwanza, ilhali zipo za SFX zinazotoa wati 750 na hata zaidi.

Hatua ya tatu ilikuwa mpangilio. Badala ya kadi ya grafiki kusimama wima juu ya ubao mama, makasha mengi madogo huziweka mbili hizo zikipeana mgongo, na kuziunganisha kwa kebo bapa.

Inafaa kukumbuka kuwa mageuzi hayo yalichochewa zaidi na wapenzi wa kawaida kuliko kampuni kubwa. Kasha la NCASE M1 la lita 12.6 lilifadhiliwa kwa michango ya wanunuzi mnamo 2013. Lile la A4-SFX la lita 7.2, lililobuniwa nchini Ujerumani, lilifadhiliwa vivyo hivyo mnamo 2016. Yote mawili yalitengenezwa na kampuni ya Lian Li ya Taiwan.

Kipimo kabla ya pesa

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kununua chochote, andika vipimo vinne vya kasha unalolitaka: urefu wa kadi ya grafiki linaoukubali, unene wa kadi hiyo, kimo cha kipoza-joto cha prosesa, na aina ya pawa saplai.

Tuchukue mfano wa kasha hilo la A4-SFX. Lilikubali kadi yenye urefu usiozidi milimita 295 na unene wa nafasi mbili, kipoza-joto kisichozidi milimita 48, na pawa saplai ya SFX.

Kadi ya RTX 4070 iliyotolewa na Nvidia yenyewe mnamo 2023 ina urefu wa milimita 244 na unene wa nafasi mbili. Hiyo inaingia bila taabu. Lakini kadi za jina hilo hilo kutoka kwa watengenezaji wengine hutofautiana, na baadhi huvuka milimita 300 au kuchukua nafasi tatu. Kwa hivyo, usinunue kadi kwa jina lake pekee. Soma vipimo vya toleo lile unalolilipia.

Kwa upande wa prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa mtambo, kipoza-joto cha Noctua cha aina ya NH-L9 kina kimo cha milimita 37 pamoja na feni yake. Kinabakisha milimita 11 za hewa, nafasi ambayo feni inaihitaji ili ivute pumzi.

Kadhalika, chunguza kimo cha vibao vya RAM, kwa kuwa baadhi hupambwa kwa mabati marefu yanayogongana na kipoza-joto. Kuhusu hifadhi, chagua diski ya SSD ya aina ya M.2. Ile ya kawaida ina milimita 22 kwa 80, huchomekwa moja kwa moja kwenye ubao mama na haihitaji waya wowote.

Adui mkuu ni joto

Takriban umeme wote unaoingia kwenye tarakilishi hugeuka kuwa joto. Haijalishi kasha ni kubwa au dogo. Joto ni lile lile. Kinachobadilika ni wingi wa hewa ya kulibeba.

Tuendelee na mfano wetu. Kadi ya RTX 4070 hutumia hadi wati 200. Prosesa ya AMD ya Ryzen 5 7600, ambayo kiwango chake rasmi ni wati 65, huweza kufika wati 88 inapofanya kazi kwa nguvu. Ukiongeza takriban wati 50 za ubao mama, diski, kumbukumbu na feni, unapata karibu wati 340.

Hebu waza balbu za kizamani za wati 60, karibu sita hivi, zikiwaka zote ndani ya ndoo ndogo iliyofunikwa. Hiyo ndiyo kazi inayozikabili feni za kasha la lita saba.

Jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hulisahau ni joto la chumba. Feni haziwezi kuteremsha joto la kiungo chini ya lile la hewa inayozizunguka. Kadi ikipanda nyuzi 50 juu ya joto la chumba, itafika nyuzi 68 mle chumbani Limuru mwenye nyuzi 18. Kadi hiyo hiyo ikipelekwa Mombasa, katika chumba chenye nyuzi 32, itafika nyuzi 82.

Kiungo kinapokaribia ukomo wake, hujipunguzia kasi ili kisiungue. Ukomo wa prosesa tuliyoitaja ni nyuzi 95. Mchezaji ataona picha zikianza kukwama, na huenda akadhani amepunjwa dukani, kumbe mtambo unajinusuru.

Dawa ya kwanza ni kuacha nafasi ya kutosha kati ya kasha na ukuta, na kutoliweka kamwe ndani ya kabati au juu ya godoro. Ya pili ni kusafisha vumbi mara kwa mara. Katika maeneo ya vumbi jingi, matundu ya kasha dogo huziba mapema kuliko ya kasha kubwa. Unaposafisha, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizungushwe na hewa unayopuliza.

Dawa ya tatu haigharimu senti. Matumizi ya umeme ndani ya prosesa au kadi hutegemea mraba wa volti. Volti zikipunguzwa kwa asilimia 10 huku kasi ikibaki ile ile, sehemu hiyo ya matumizi hupungua kwa takriban asilimia 19. Programu za watengenezaji huruhusu marekebisho haya. Yafanye hatua kwa hatua, ukijaribu mchezo mzito kila mara. Mtambo ukizimika ghafla, rudi hatua moja nyuma.

Namna ya kuunganisha

Chomoa waya wa umeme ukutani, kisha gusa chuma kitupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Fanya kazi juu ya meza, wala si juu ya zulia.

Usianze kwa kuingiza vitu ndani ya kasha. Weka ubao mama juu ya boksi lake la karatasi, funga prosesa, kipoza-joto, RAM na diski, chomeka kadi na pawa saplai, kisha uuwashe. Iwapo kuna kiungo kibovu, ni heri ukigundue mezani kuliko baada ya saa tatu za kukaza skrubu.

Krimu ya kupitishia joto kati ya prosesa na kipoza-joto isizidi punje moja ya njegere. Baada ya jaribio hilo, tenganisha kadi na uanze kujaza kasha. Tanguliza pawa saplai na nyaya zake, kisha ubao mama, na umalizie kwa kadi ya grafiki.

Nyaya ndizo huwashinda wengi. Tumia pawa saplai ambayo nyaya zake huchomolewa, ili ubakishe zile unazozihitaji pekee. Zifunge kwa vibanio vya plastiki mbali na feni. Waya mmoja ukigusa panga la feni, kazi yote itakuwa bure.

Iwapo kiwambo kitabaki cheusi baada ya kufunga kadi kwa kebo bapa, usiharakishe kulaumu kadi. Huenda kebo ni ya kizazi cha tatu cha PCIe ilhali kadi inataka kuzungumza kwa kasi ya kizazi cha nne. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS, ukitumia kiwambo kilichochomekwa kwenye ubao mama ikiwa prosesa yako ina uwezo wa grafiki, na uteremshe kasi hiyo hadi kizazi cha tatu.

Tahadhari kabla ya athari

Hatari si nadharia tu. Mnamo Februari 2021, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za watumiaji ilitangaza kurejeshwa kwa takriban makasha 32,000 ya aina ya NZXT H1 yaliyouzwa nchini humo. Skrubu mbili za chuma zilizoshikilia kiungio cha kadi ya grafiki zingeweza kugusana na njia za umeme, zikazua hitilafu na moto.

Funzo ni kwamba katika nafasi finyu, skrubu moja iliyokaa vibaya ni hatari kubwa. Hesabu skrubu zako unapoanza na unapomaliza. Usikunje kebo bapa kwa nguvu, na usifungue kamwe pawa saplai yenyewe, kwani huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kuhusu ukubwa wa pawa saplai, mtambo wetu wa wati 340 unafaa kupewa ya wati 600. Kadi za grafiki huruka juu ya kiwango chao kwa muda mfupi mno, na pawa saplai iliyobanwa huzima mtambo katikati ya mchezo. Palipo na umeme unaopandapanda na kushuka, ongeza kifaa cha kudhibiti umeme.

Nani anafaa kujenga?

Si kila mtu anahitaji mtambo mdogo. Kadi ya RTX 5090 iliyotolewa mwaka 2025 hula hadi wati 575 peke yake. Anayeitaka kadi kama hiyo na hajawahi kuunda tarakilishi, heri aanze na kasha kubwa, ambalo ni rahisi kupoza na hukubali sehemu za bei nafuu. Ubao wa Mini-ITX na pawa saplai ya SFX aghalabu huwa ghali kuliko zile za kawaida zenye uwezo sawa.

Asisahau pia gharama za kila mwezi. Mtambo wa wati 340 ukichezwa saa nne kwa siku hutafuna yuniti 1.36 za umeme, bila kuhesabu kiwambo.

Lakini kwa aliyebanwa na nafasi na anayependa kubeba mtambo wake, kasha dogo lina faida ambayo kipakatalishi hakina. Kadi ikizeeka, unaitoa na kuweka nyingine. Kumbukumbu ikipungua, unaiongeza. Kinachotakiwa ni subira, rula, na karatasi yenye vipimo vinne vilivyoandikwa kabla ya pesa kutoka mfukoni.