Wimbo Unavyokaa Kichwani

Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alimwita Hukwe Zawose aje Dar es Salaam. Zawose alikuwa Mgogo wa kijiji cha Nzali, Dodoma, bingwa wa ala za ilimba na zeze. Nyimbo za Wagogo hazikuwa na nota. Mtoto alizipata kwa kuwasikiliza wakubwa na kurudia mpaka vidole na koo vikazoea. Hazina yote ya Ugogo ilikaa vichwani mwa watu. Ilikaaje humo?

Mwaka 1949 Donald Hebb wa Kanada alitoa wazo: seli mbili za neva zikiamka pamoja mara kwa mara, kiungo kati yao, yaani sinapsi, huimarika. Ushahidi haukuwapo bado.

Ulianza kupatikana Oslo mwaka 1966. Terje Lømo, katika maabara ya Per Andersen, alipitisha mishtuko midogo ya umeme, ya haraka na mfululizo, katika hipokampasi, sehemu ya ubongo, ya sungura. Seli zilizopokea ziliitikia kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo haikupotea upesi. Mwingereza Tim Bliss alijiunga naye mwaka 1968. Matokeo waliyochapisha mwaka 1973 yalionyesha kwamba nguvu hiyo iliweza kudumu kwa saa nyingi.

Miaka ya 1980 ndiyo iliyoanza kufichua jinsi uimarikaji huo unavyotokea. Seli inayotuma humwaga glutameti, na seli inayopokea ina vipokezi vya aina mbili. Aina ya kwanza huitikia mara moja. Ya pili, iitwayo NMDA, imezibwa na magnesi kama chupa yenye kizibo. Kizibo hutoka pale tu seli inayopokea inapokuwa imekwisha kuamshwa vya kutosha. Hapo kalisi huingia na kuamsha vimeng'enya, navyo huongeza vipokezi vya aina ya kwanza kwenye sinapsi. Ujumbe uleule sasa huitikiwa kwa nguvu zaidi. Ili badiliko hilo lidumu kwa siku nyingi, seli hulazimika kutengeneza protini mpya.

Je, kujifunza kunategemea vipokezi hivyo? Mwaka 1986 Richard Morris na wenzake waliwapa panya dawa ya kuzuia NMDA. Panya hao walishindwa kujifunza vizuri mahali palipofichwa jukwaa ndani ya maji.

Basi mwalimu na mzazi, msimwite mjinga mtoto aliyesahau somo la jana. Rudieni naye leo, na tena keshokutwa, kwa maana ubongo huhitaji marudio ili ujenge kumbukumbu.