Mediani: pato la mtu wa katikati

Tuseme watu saba wamekaa kwenye benchi la kahawa pale Mfaranyaki, Songea, mkoani Ruvuma. Kwa mwezi muuza maandazi hupata shilingi 90,000, kibarua wa shambani 120,000, mama lishe 150,000, dereva bodaboda 180,000, fundi cherehani 250,000, mhudumu wa ofisi ya serikali 500,000. Wa saba ni mfanyabiashara wa mahindi mwenye Fuso mbili: 5,000,000. Jumlisha, gawanya kwa saba, unapata karibu 899,000. Huo ndio wastani, na pale benchini hakuna anayeupata.

Sasa wapange mstari kama watoto wa shule paredi, kuanzia mwenye kidogo, umwite wa nne. Ni bodaboda, 180,000. Hiyo ndiyo mediani. Tajiri akiongeza Fuso na pato lake likafika milioni kumi, wastani utaruka hadi milioni 1.6 na ushei. Bodaboda hatasogea hata hatua moja.

Kuliita jambo hili kwa Kiswahili kuna mtego. "Wastani" lenyewe limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu wenye maana ya katikati, na mitaani bado tunasema "mtu wa hali ya wastani" kwa maana hiyo hiyo. Darasani likageuka la kujumlisha na kugawanya. Wengine hukimbilia "kipato cha kati", nami silipendi. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika uchumi wa kati kwa sababu pato la taifa kwa kila kichwa lilikuwa dola 1,080 mwaka 2019, na kizingiti kilikuwa 1,036. Hapo "kati" ilipimwa kwa wastani mtupu! Basi darasani tuseme mediani, gazetini "pato la mtu wa katikati". Ni refu, lakini halidanganyi.

Na mshahara mzuri ni upi? Inategemea unapangwa na nani. Julai 2025 kima cha chini serikalini kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Mhudumu wetu yuko mkiani ofisini, lakini benchini ni wa pili kutoka juu. Mkulima ndiye mgumu kumpanga: fedha zake huja baada ya mavuno, na magunia anayokula nyumbani hayana risiti.

Ukitajiwa pato la watu wa Ruvuma, uliza kwanza: ni la kugawanya, au la mtu wa katikati?