Mijusi wasio na dume: chimbuko lao ni lipi?

Mijusi wa kuta za nyumba jijini Juba huzaliana kwa dume na jike. Lakini huko New Mexico, Marekani, yupo mjusi mwenye mkia mrefu, Aspidoscelis neomexicanus, ambaye jamii yake nzima ni majike.

Vinasaba vinaonyesha kuwa spishi hiyo ni chotara, iliyotokana na kupandana kwa mijusi wa spishi mbili tofauti. Kila jike hubeba seti moja ya kromosomu kutoka kila upande. Mwaka 2010, watafiti wa Taasisi ya Stowers, Marekani, walieleza kuwa katika mijusi wa jenasi hiyo kromosomu huongezeka maradufu kabla ya yai kuundwa. Hivyo yai hubaki na seti zote mbili pasipo mbegu ya dume.

Faida yake ni kwamba jike mmoja aweza kuanzisha ukoo mpya. Hatari yake ni kufanana: ugonjwa unaomshinda mmoja waweza kuwashinda wote.

Pwani ya Afrika Mashariki nayo ina nyoka mdogo kipofu, Indotyphlops braminus, mwembamba kama nyungunyungu, mwenye asili ya Asia. Naye huzaliana bila dume.